Je, wajua? Claude Rains alivyokuwa nyota wa sinema bila kuonekana

Mwaka 1933 watu walilipa kiingilio kwenda kumtazama mwigizaji ambaye hawakumwona. Filamu yenyewe ni The Invisible Man ya studio ya Universal, na mwigizaji ni Claude Rains, Mwingereza wa London aliyekuwa anagonga miaka 44 na ambaye kazi yake karibu yote hadi hapo ilikuwa ya jukwaani. Uso wake unaonekana sekunde chache tu mwishoni, akiwa maiti kitandani. Tangu hapo Hollywood haikumwacha. Iliwezekanaje?

Jibu limo kooni mwake, na koo hilo lilitengenezwa kwa taabu. Rains alizaliwa mwaka 1889, akakua na kithembe na lafudhi ya mitaani ya London, Kicockney. Herufi r ilimshinda kabisa. Jina lake akilitamka lilitoka «Wains». Akiwa mtoto aliajiriwa His Majesty's Theatre, kwanza kuwaita waigizaji wakati wao wa kuingia ulipofika, baadaye kuwanong'oneza maneno waliyoyasahau. Mwenye jumba, Herbert Beerbohm Tree, aliona kitu kwake, akamgharamia masomo ya matamshi. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Rains alishambuliwa kwa gesi ya sumu huko Vimy, Ufaransa. Jicho moja likabaki karibu na upofu na koo likaumia. Sauti iliyobaki ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kama kitambaa kinachochanika polepole. Juu ya mkwaruzo huo kulikuwa na matamshi yaliyonyooshwa neno kwa neno na mtu aliyejifunza lugha yake mwenyewe upya. Miaka ya 1920 alifundisha uigizaji RADA, chuo kilichoanzishwa na Tree yuleyule, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwemo John Gielgud na Charles Laughton, waliokuja kuwa waigizaji mashuhuri.

Hata hivyo, mwalimu huyu alipojaribiwa mbele ya kamera kwa ajili ya filamu ya 1932, alianguka. Sababu inajulikana na kila aliyewahi kuhama kutoka jukwaani. Jukwaani unaigiza kwa ajili ya aliyekaa kiti cha nyuma kabisa: nyusi zinapanda, mkono unafunguka kuanzia begani, sauti inasukumwa kutoka tumboni. Lenzi ya picha ya karibu, kwa upande wake, ni sawa na mtazamaji aliyeketi umbali wa mkono. Nyusi zikipanda sentimita moja, kwenye pazia la sinema zinapanda nusu mita. Ishara ileile iliyokuwa wazi jukwaani inageuka kichekesho.

Inavyosimuliwa, mwongozaji James Whale aliisikia sauti ya majaribio hayo kutoka chumba cha pili, akasema huyo ndiye anayemtaka. Whale naye alikuwa Mwingereza wa jukwaani. Alikuwa na mhusika asiyeonekana, na mwigizaji Boris Karloff, aliyefikiriwa kwanza kwa nafasi hiyo, alikuwa ameshaondoka. Kasoro ya Rains ilikuwa usoni na mikononi. Hapa uso haukuhitajika, na ukubwa wa ishara ukawa faida, maana nguo tupu isipotembea kwa madaha inaonekana imetundikwa.

Nguo hizo hazikuvutwa kwa nyuzi. Fundi wa picha John P. Fulton aliliona tatizo mapema: nyuzi zingeifanya shati ionekane imelegea, haina mtu ndani. Kwa hiyo kwanza alipiga tukio na waigizaji wengine katika chumba cha kawaida. Halafu akajenga chumba kingine, kuta na sakafu zote zimefunikwa mahameli meusi. Mhusika alivalishwa mahameli hayohayo kuanzia kichwani hadi vidoleni, juu yake suti na bandeji. Mweusi juu ya mweusi hauonekani, kwa hiyo ukanda ulibeba nguo zinazotembea peke yake. Kutokana na ukanda huo zilitengenezwa barakoa mbili za filamu: moja ikiziba mahali pa nguo kwenye picha ya chumba cha kwanza, nyingine ikiziba kila kitu isipokuwa nguo. Picha mbili zikachapwa juu ya ukanda mmoja.

Palipoharibika ni mikono. Glovu nyeusi ikipita mbele ya kifua, inakula kipande cha shati na kuacha tundu. Mwigizaji alilazimika kukumbuka muda wote mkono wake uko wapi mbele ya kamera, jambo ambalo hakuna jukwaa linalolifundisha. Tena alikuwa anapumua kwa mipira iliyopitishwa ndani ya mguu wa suruali, kama mpiga mbizi, na amri za mwongozaji zilimfikia kwa mbali. Matundu ya macho kwenye kifuniko cha kichwa yalionekana, yakafutwa kwa brashi, fremu moja baada ya nyingine. Fulton alieleza kwamba kama futi 4,000 za ukanda ziliguswa kwa mkono. Kila futi ina fremu 16, kwa hiyo piga hesabu: fremu 64,000. Katika baadhi ya picha hizo aliyevaa mahameli alikuwa mtu mwingine mwenye umbo la Rains. Sauti tu ndiyo haikuazimwa kwa mtu.

Na ule uso wa mwishoni? Mto ulikuwa wa plasta, blanketi la karatasi iliyogandishwa, vyote vikiwa na umbo la mtu aliyelala. Wakapiga picha ya kiunzi cha mifupa, kisha sanamu, kisha Rains mwenyewe, kila picha ikiyeyukia polepole ndani ya inayofuata.

Kilichofuata ni kupunguza ukubwa wa ishara zake za jukwaani. Tazama Casablanca ya 1942, ambamo anacheza kapteni wa polisi Renault. Mwishoni anajimiminia maji, anaona kwenye chupa chapa ya Vichy, jina la mji wa serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi, anaitupa kwenye kapu la taka na kulipiga teke. Anapoitupa hasemi neno, na kisiasa ameshahama upande. Jukwaani chapa ile isingesomeka hata safu ya 3.

Tatizo lililobaki lilikuwa la futi na inchi. Katika Notorious ya 1946, Ingrid Bergman, anayecheza mke wake, alimzidi kimo. Mwongozaji Alfred Hitchcock alimpandisha Rains juu ya sanduku kwenye picha za karibu. Walipokuwa wanaijia kamera kwa miguu, akamtengenezea ubao unaoinuka kidogokidogo. Kutembea kwenye mteremko huku unaigiza mume anayeshuku, bila kutazama chini, kunataka miguu iliyozoea jukwaa.

Aliteuliwa kwa Oscar mara nne, kwa Mr. Smith Goes to Washington, Casablanca, Mr. Skeffington na Notorious, na hakuipata hata mara moja. Tuzo ya Tony aliipata mwaka 1951, kwa Darkness at Noon, jukwaani New York.