Maji ya moto hayaondoi mafuta kwenye bomba

Wengi tumelelewa na imani hii: ukimaliza kukaanga, mwaga mafuta kwenye sinki, fuatishia maji ya moto na sabuni, yote yatakwenda zake. Kweli, sinki hubaki safi. Lakini tatizo limesogea mbele tu, pale usipopaona.

Maji ya moto huyeyusha mafuta kwa mita chache. Bomba lililofukiwa ardhini lina ubaridi, na mafuta yakipoa hunata ukutani na kuganda. Sabuni huyatawanya kwa muda. Nguvu yake ikiisha, hukusanyika tena. Humo humo hukutana na madini ya kalisi yaliyomo kwenye majitaka, yakawa kitu kigumu kama sabuni ya mche. Fungua chemba ya majitaka ya nyumba ya kupanga yenye majiko sita uone: utando wa kijivu ulioshika punje za wali na nywele. Huko London mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, lilikutwa bonge la mafuta na vitambaa vya kufutia watoto lenye urefu wa mita 250 na uzito wa takribani tani 130. Kulivunja kulichukua wiki kadhaa.

Nawasihi majirani tunaotumia bomba moja: mafuta yaachwe yapoe, yatiwe kwenye kopo, yatupwe na taka ngumu. Sufuria ipanguswe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Na chemba zikaguliwe kabla ya masika, si siku majitaka yanapofurika uani wanakocheza watoto.