Je, wajua kwa nini waini ya bei ya kawaida inaweza kunoga kuliko ya bei kali, hasa mezani na marafiki?

Ndani ya bei ya chupa ya waini kuna vitu kibao na waini yenyewe ni kimojawapo tu. Kuna chupa, kizibo, lebo, katoni, usafiri, faida ya mwagizaji, faida ya muuzaji, halafu kodi. Sasa vingi kati ya hivyo havibadiliki hata kidogo iwe waini ni ya ovyo au ni ya maana, kontena halijali limebeba nini, na kwenye nchi kama Uingereza ushuru wa pombe unahesabiwa kwa ujazo na kiwango cha kilevi, bei haiangaliwi, kwa hiyo mbili zenye kilevi sawa, ya mnyonge na ya tajiri, zinatozwa ushuru uleule. Matokeo yake ni kwamba kwenye chupa ya bei ya chini kabisa ukishatoa hayo yote, hela iliyobaki ya kulipia zabibu na kazi ya mtengenezaji ni kiduchu mno. Ila ukipanda bei kidogo tu, sehemu kubwa ya ile nyongeza inaingia kwenye waini yenyewe manake chupa na kontena vimeshalipiwa. Ndo maana kuruka kutoka ya chini kabisa kwenda ile ya pili au ya tatu kwenye rafu mdomo unasikia tofauti, na hapo ndo mahali pazuri pa kununulia kama ni mlo wa kawaida na marafiki.

Ukiendelea kupanda juu mambo yanageuka. Pale unaanza kulipia ardhi, pipa, kusubiri na jina. Hekta moja ya mizabibu eneo la Champagne kule Ufaransa inaweza kupita yuro milioni moja, na hiyo hela lazima irudi kupitia kwenye chupa. Pipa la mwaloni la kawaida la Bordeaux, eneo jingine la waini hukohuko Ufaransa, linabeba lita 225, yaani chupa 300 hivi, ni ghali likiwa jipya, na likitumika misimu mitatu hivi ladha yake ya mbao inakuwa imeshaisha sana, linunuliwe jingine. Halafu waini inayokaa pipani miaka miwili ni hela ya mtu imelala miaka miwili. Haya yote ni halali kabisa, silaumu mtu, na kuna waini za hivo ambazo ni za ajabu kweli ukizinywa taratibu na mtu anayezielewa. Lakini watu wanane wanaopiga stori kwa sauti huku sahani zinapishana hawana nafasi ya kusikia hiyo miaka miwili.

Na hata wakiwa na nafasi, sio lazima waisikie. Mwaka 2008 ulitoka utafiti uliokusanya majaribio zaidi ya 6,000 ya kuonja waini bila kuona lebo wala bei, na ikaonekana kwamba watu wa kawaida, wasio na mafunzo, hawakuzipenda zaidi zile za ghali, tena kwa wastani walizipenda kidogo chini ya zile za bei nafuu. Waliosomea mambo ya waini wao walielekea kidogo upande wa zile za ghali. Ina maana kwamba ladha inayolipiwa huko juu mara nyingi ni ladha ya kujifunza: tanini nyingi (ile inayokausha ulimi), mbao, uchachu mkali wa waini ambayo bado inasubiri kukomaa. Mgeni anayekunywa waini mara moja moja akipewa hiyo anakunja uso tu, na hana kosa.

Mwaka huohuo watafiti wa California wakawaweka watu 20 kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawa wanawapa waini kwa mrija na kuwatajia bei. Waliambiwa ziko aina 5, kumbe zilikuwa 3 tu, zingine zimerudiwa kwa bei tofauti, ile ya dola 90 mara inatajwa ni ya 90 mara ni ya 10. Watu wakasema ile ya "90" ni nzuri zaidi, na cha kushangaza hawakuwa wanadanganya, kwa sababu sehemu ya ubongo inayohusika na raha kweli iliwaka zaidi wakiambiwa bei kubwa. Kwa hiyo bei inaongeza utamu kweli, ila utamu huo uko kwenye kuijua bei. Ukiondoa kibandiko cha bei ukamimina kwenye jagi, umeuondoa. (Jagi lina faida nyingine pia, waini nyekundu changa inapata hewa na inalainika. Mbinu mbili kwa mkupuo mmoja.)

Tena wataalamu nao sio malaika. Watafiti wa Bordeaux walichapisha mwaka 2001 jaribio ambalo wanafunzi 54 wa elimu ya waini walipewa waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaanza kuieleza kwa maneno ya waini nyekundu. Na kwenye mashindano ya maonyesho ya jimbo la California, ambako majaji walipewa waini ileile mara tatu bila kuambiwa, ni kama mmoja kati ya kumi tu aliyetoa alama zinazokaribiana. Hivyo ile medali ya dhahabu iliyobandikwa kwenye chupa iangalie kwa jicho la upole tu. Kisa maarufu kuliko vyote ni cha Paris, tarehe 24 Mei 1976, muuza waini Mwingereza Steven Spurrier alipowaonjesha majaji wa Kifaransa waini za Ufaransa na za California bila kuonyesha lebo, na California ikashika namba moja kwa nyeupe na kwa nyekundu. Zile za California hazikuwa waini za kimasikini, lakini wakati ule hakuna aliyezipa heshima, na heshima ndo inayopandisha bei.

Hapo ndo penye ujanja mkubwa wa kununua: tafuta jirani wa mtu maarufu. Shampeni, ile waini ya mapovu, ni lazima itoke Champagne. Lakini Ufaransa hiyohiyo nje ya mpaka huo wanatengeneza Crémant kwa njia ileile, yaani waini inachachuka mara ya pili ndani ya chupa na mapovu yanabaki humo, na ile ya eneo la Burgundy inatumia hata zabibu zilezile za Chardonnay na Pinot Noir. Hispania wana Cava, njia hiyohiyo. Tofauti ipo, shampeni inakaa angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa na Cava inaanzia miezi 9, lakini tofauti ya bei ni kubwa kuliko tofauti ya miezi. Hivyohivyo waini ya Côtes du Rhône kule Ufaransa ukilinganisha na ile yenye jina kubwa ya Châteauneuf-du-Pape, majirani kabisa, na zabibu ya Grenache ndo kiongozi kote kote. Grenache hiyohiyo Hispania wanaiita Garnacha, na ikitoka maeneo kama Calatayud au Campo de Borja, ambayo watu wengi hawajawahi kuyasikia, unapata waini nyekundu yenye matunda mengi kwa hela ya kawaida.

Upande wa kusini wa dunia nako ni kuzuri. Chile hali ya hewa kwenye mabonde yake ni kavu, ukungu hausumbui sana mizabibu na kulima kunakuwa nafuu. Ajentina wana Malbec ya Mendoza, zabibu iliyopelekwa kule kutoka Ufaransa miaka ya 1850 na leo ina umaarufu mkubwa kule kuliko kwao. Afrika Kusini wana Chenin Blanc nyingi kuliko nchi yoyote, waini nyeupe yenye uchachu safi na inayovumilia karibu kila chakula. Ureno wao wana Vinho Verde, nyepesi, kilevi chake mara nyingi kidogo, vijipovu kwa mbali. Kama sijui wageni ni akina nani mimi huwa naanzia kwenye hizi mbili za mwisho.

Lebo inasema mengi ukijua pa kuangalia. Angalia asilimia ya kilevi kwanza. Hamira inakula sukari ya zabibu na kutoa kilevi, gramu 17 hivi za sukari kwa lita zinatoa asilimia moja, kwa hiyo waini nyeupe yenye asilimia 8 au 9 mara nyingi ni tamu manake sukari imeachwa humo, yenye 12 mpaka 13 ni ya katikati na inakwenda na chakula vizuri, na yenye 14.5 ni nzito, inachoma koo kidogo na glasi ya pili inakuwa kazi. Kisha mwaka wa mavuno. Waini nyeupe na ya rangi ya waridi ya bei nafuu imetengenezwa inywewe ikiwa changa, haiongezeki thamani ikikaa, kwa hiyo chukua ya mwaka wa karibuni na ujue kwamba kusini mwa dunia wanavuna kati ya Februari na Aprili wakati kaskazini wanavuna kati ya Agosti na Oktoba, hivyo chupa mbili zenye mwaka uleule kwenye lebo zinaweza kupishana nusu mwaka. Neno Reserva lina maana ya kisheria kwa waini nyekundu ya Rioja kule Hispania, angalau miaka mitatu na mmoja wake pipani, lakini neno Reserve Marekani halina sheria ya taifa nyuma yake, mtu anaweza kuliandika akijisikia. Uzito wa chupa na lile shimo la chini havina maana yoyote kwenye ladha.

Kifuniko cha kuzungusha nacho kinaonewa bure. Wazalishaji wa Clare Valley kule Australia walihamia huko kwa pamoja na waini yao nyeupe ya Riesling ya mwaka 2000 kwa sababu walichoka na waini kuharibiwa na kizibo, kuna kemikali inaitwa TCA inayotoka kwenye lile gamba la mti linalotengenezewa kizibo likiwa na ukungu, na nanogramu chache tu kwa lita zinatosha kuifanya waini inuke kama katoni lililolowa. Nyuzilandi wakafuata, leo waini zao karibu zote ni kifuniko, na hizo hazina aibu hata kidogo. Waini ya boksi pia, ule mfuko wa ndani unajikunja kadiri unavyomimina hewa isiingie, kwa hiyo boksi lililofunguliwa linakaa wiki nne mpaka sita. Kwa kundi kubwa mimi naona boksi zuri linashinda chupa nne za kubahatisha.

Kuhusu chakula, kanuni za nyekundu-kwa-nyama na nyeupe-kwa-samaki zisikusumbue sana. Elewa tu kinachotokea mdomoni. Tanini inashikana na protini za mate, na ukila nyama yenye mafuta inapata kitu kingine cha kushikana nacho, ndo maana waini nyekundu kali inalainika ghafla. Chumvi nayo inailainisha. Pilipili ni kinyume chake, kilevi kinaufanya mwasho uwe mkali zaidi, kwa hiyo kwenye chakula cha kuwasha epuka zile za 14.5 na uchukue nyepesi yenye utamu kidogo. Chakula chenye limau au siki kinataka waini yenye uchachu wa kutosha la sivyo waini itaonekana kama maji. Na kwa kuwa mezani siku ya mlo na marafiki kuna vitu kumi vya watu kumi, usitafute inayolingana na kimoja, tafuta isiyogombana na yeyote: uchachu mzuri, tanini kidogo, mbao kidogo. Ya waridi kavu, yaani isiyo tamu, na ya mapovu zinafanya kazi hiyo kuliko watu wanavyodhani.

Halafu jotoridi, hili wengi wanalipuuza na ni la bure kabisa. Waini nyekundu inaambiwa inywewe kwenye joto la chumba, ila chumba kilichokusudiwa ni cha mawe cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 au 18 hivi. Ikipanda mpaka 25 kilevi kinatangulia puani na waini inakuwa nzito kama supu. Iweke kwenye friji dakika 20 au 30 kabla ya kumimina, utadhani umebadilisha chupa. Nyeupe kinyume chake, ikiganda sana ladha inajificha, 8 mpaka 12 inatosha, ingawa kama waini ni mbaya kweli ipoze mpaka mwisho, ubaridi unaficha mengi. Nyekundu yenye tanini kali usiipoze mpaka mwisho hivo, ubaridi unaiongezea ukali.

Kiasi: chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 za kawaida. Nusu chupa kwa kila mnywaji inatosha kwa jioni nzima yenye chakula, maji yawe mengi mezani, na anayeendesha achukue soda. Zikibaki, zifunge uziweke kwenye friji hata kama ni nyekundu, siku tatu mpaka tano ziko sawa. Ya mapovu inataka kizibo chake maalumu cha kubana, kile kijiko wanachoning'iniza kwenye shingo ya chupa hakizuii chochote.