Albamu ya laivu si matangazo mubashara

"Inaanza saa ngapi?" Swali hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Mtu alitangaza kwa furaha kwamba mchekeshaji anayempenda ametoa "albamu yake ya pili mubashara", na wa kwanza kumjibu akataka kujua afungue redio saa ngapi. Simlaumu. Alisoma kilichoandikwa.

Albamu ya laivu ya mchekeshaji ni rekodi ya onyesho lililofanyika mbele ya watu, vicheko vyao vikiwamo ndani. Basi. Ikiitwa ya pili, ina maana alishatoa nyingine kabla, na hii ina vichekesho vipya. Iwe ilirekodiwa juzi au miaka 60 iliyopita, ni ya laivu na itabaki hivyo.

Kinachotuvuruga ni hilo neno mubashara. Ni neno zuri, limetoka Kiarabu, kwenye mzizi mmoja na bashara, yaani ngozi ya mwili. Kitenzi chake kilihusu kugusana ngozi kwa ngozi, kisha kikapanuka hadi kulishika jambo kwa mkono wako mwenyewe, bila mtu wa katikati. Ndugu yake tunaishi naye siku nyingi: bashiri, ambalo asili yake ni kuleta habari njema. Watunga kamusi wa Kiarabu wa zamani walieleza kwamba habari njema ilipata jina lake kwenye mzizi huo kwa sababu huigeuza ngozi ya uso wa anayeisikia. Ukiishia hapo utasema hakuna neno linalomfaa mchekeshaji kuliko hili, maana kazi yake nzima ni kugeuza nyuso za watu walio mbele yake.

Ila neno halikai kwenye mzizi wake, hukaa pale wanaolitumia walipoliweka. Watangazaji wameliweka kwenye saa. Leo mubashara ni tukio linalotokea sasa hivi nawe unalipata sasa hivi. Mechi ni mubashara. Marudio yake usiku si mubashara, hata kama uwanja ulifurika. Kwa kipimo hicho hakuna albamu yoyote duniani inayoweza kuwa mubashara, kwa sababu albamu ni kitu kilichokwisha kurekodiwa.

Na kabla hatujajilaumu sana, Kiingereza chenyewe kilijichanganya. Redioni, miaka ya 1930, live lilitumika kutenga kipindi kinachosemwa muda huohuo na kile cha kwenye santuri. Lilikuwa kinyume cha rekodi. Baadaye kampuni za santuri zikalibandika juu ya rekodi zenyewe, na anayetafsiri kwa haraka anatumbukia kwenye shimo walilochimba wengine.

Mtaani jambo hili halina utata. Mtu akikwambia bendi inapiga laivu, hazungumzii saa wala redio. Anakwambia magitaa yatapigwa kweli mbele yako, si pleibaki. Hiyo ndiyo maana inayotakiwa kwenye albamu.

Kwa mchekeshaji, tena, tofauti hii ina uzito kuliko kwa mwimbaji. Mwimbaji anaweza kujifungia studio peke yake na wimbo ukakamilika. Mchekeshaji akifanya hivyo anabaki akisema maneno ukutani. Msikilize Bob Newhart, mchekeshaji wa Marekani aliyekuwa mhasibu Chicago kabla ya kuingia kwenye uchekeshaji. Mtindo wake ulikuwa kuzungumza na simu, nasi tunasikia upande mmoja tu. Katika kichekesho chake kimoja, mtu wa kumtengenezea jina Abraham Lincoln, rais wa Marekani wa karne ya 19, anamsihi kwenye simu asinyoe ndevu. Anasema, ananyamaza kumsikiliza rais, anasema tena. Hatusikii Lincoln akijibu, tunasikia ukumbi unacheka. Ondoa watu, utabaki na mapengo ya kimya tu.

Kampuni ya santuri ya Warner Bros. ilipotaka kumrekodi, Newhart hakuwa amewahi kufanya onyesho kwenye klabu ya usiku. Ikabidi atafutiwe ukumbi kwanza: Tidelands, Houston, Februari 1960. Albamu iliyotoka hapo ilikuwa ya kwanza ya vichekesho kushika namba moja kwenye chati ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na mwaka 1961 ikapata tuzo ya muziki ya Grammy ya albamu ya mwaka. Ya pili ilitoka mwaka huohuo wa 1960, na kuna wakati mbili hizo zilishika nafasi ya kwanza na ya pili kwa pamoja.

Hiyo ya pili nayo isiitwe "muendelezo", kosa jingine ninalokutana nalo. Mwimbaji akirudia wimbo wa zamani ukumbi unaimba naye. Mchekeshaji akirudia kisa ambacho kila mtu anacho kwenye santuri, neno la kuvunja mbavu linakuwa limeshafika kabla yake. Lazima aanze upya, mbele ya watu ambao safari hii wanamjua na wamekuja na matumaini yao.

(Wala usichanganye vicheko hivi na vile vya kubandikwa kwenye tamthilia za televisheni, alivyovitengenezea mashine fundi sauti Charley Douglass wa Marekani miaka ya 1950. Hivyo havina mtu anayekohoa.)

Kwa hiyo, ndugu uliyetangaza albamu, furaha yako ni halali na habari yako ni njema. Badilisha neno moja tu: andika "albamu yake ya pili ya laivu", au kama laivu inakukera, "iliyorekodiwa jukwaani". Na yule aliyeuliza saa, mjibu kwamba aisikilize muda wowote anaotaka.