Nyumba za Waisraeli wa kale: tunavyodhani na zilivyokuwa

Ukitaja Waisraeli wa kale wengi wanaona hema na ngamia. Hema zilikuwepo enzi za Abrahamu, sawa, ila kuanzia kama 1200 KK huko vilimani Kanaani watu wameshatulia, wanajenga kwa mawe na matofali ya udongo, na ramani inafanana karibu kila mahali: vyumba vitatu virefu vimelala sambamba, cha nne kimekatiza nyuma. Imefukuliwa Beer-sheba, Hazori, hadi Yerusalemu.

Halafu kuna hii, eti kuishi na mifugo nyumba moja ni umaskini. Wapi! Chumba cha pembeni mara nyingi kimetandikwa mawe chini, katikati ya nguzo zinazotenga vyumba unakuta hori la kulishia mifugo, yaani mbuzi na ng'ombe walifungwa humo na wataalamu wengi wanaona watu walilala juu ghorofani, mwizi hafiki kwenye mali yako na usiku wa baridi joto la wanyama linapanda kwenu. Ndo maana yule mwanamke wa Endori (1 Samweli 28) alikuwa na ndama aliyenona mlemle nyumbani, mfalme Sauli kaja ana njaa, ndama kachinjwa fasta.

Familia je, baba mama na watoto basi? Mjini labda, nyumba zilibanana. Kijijini kama Raddana nyumba mbili tatu zinazunguka ua mmoja, na mwanaakiolojia Lawrence Stager mwaka 1985 alisema hiyo ndo "nyumba ya baba" ya kwenye Biblia, wazee, wana waliooa na wajukuu wote pamoja. Mimi naona ana hoja.

Na wewe unayesema ukikuta nyumba ya nguzo kama hizi tu basi hapo waliishi Waisraeli, taratibu, Tall al-Umayri kule Jordan ipo nyumba ya namna hiyohiyo na ni ya zamani sana.

Ila dhana inayonikera ni ya kwamba wote walikuwa sawa. Mwanaakiolojia Roland de Vaux alichimba Tell el-Far'ah ya kaskazini, inayodhaniwa ndo Tirsa, mji mkuu wa zamani wa Israeli, akakuta nyumba za karne ya 10 KK zinalingana, ukija karne ya 8 upande huu majumba ya maana, upande ule vijumba vimerundikana, na ukuta kati yao. Karne hiyohiyo nabii Amosi anawafokea wenye nyumba ya wakati wa baridi na nyumba ya kiangazi, mtu mmoja nyumba mbili.