Jua la Mombasa Halikaushi Maua

Juzi imeingia tena kwenye simu yangu, mimi ninayekaushia watu maua ya harusi. Picha ya shada la bibi harusi, mawaridi mekundu yamening'inizwa vichwa chini kwenye dirisha la jikoni, na ujumbe: "Dada, nimeyaanika siku nane, mbona yameota unyoya mweupe?" Unyoya huo ni ukungu. Ndugu zake walikuwa wamemshauri ayatoe nje kabisa yapigwe na jua, kwa kuwa jua la Mombasa hata samaki linamkausha.

Samaki gani? Papa na ng'onda hupasuliwa wakatiwa chumvi kwanza, na chumvi ndiyo inayoanza kuwatoa maji. Halafu hakuna anayejali ng'onda akibadilika rangi. Waridi la harusi unalitaka libaki waridi.

Joto si ukavu. Nimelisema hili mara nyingi, na leo naliandika ili nikiulizwa tena niwe na pa kumwelekeza mtu. Ingia jikoni kwako utazame kikopo cha chumvi. Ukikiacha wazi usiku, asubuhi chumvi imelowa na kushikana. Chumvi huanza kuyeyuka kwa maji ya hewani unyevu wa hewa unapopita asilimia 75, basi kikopo hicho kinakueleza hali ya hewa ya nyumba yako vizuri kuliko mtu yeyote. Biskuti ulizosahau mezani zimelegea. Mkoba wa ngozi uliouweka kabatini tangu Idi umeota madoa ya kijani. Yote hayo yanatokea katika mji huu huu tunaousifu kwa jua kali. Ua nalo ni kama ile biskuti. Mchana hutoa maji kidogo, usiku linayanywa tena. Petali za nje hukauka, ukizigusa zinalia kama karatasi, ukadhani kazi imekwisha, kumbe moyoni mwa waridi, pale petali zinapobanana juu ya kikonyo, bado ni mbichi. Ukungu huanzia hapo, na ukiuona kwa nje ujue ndani kumeshaoza.

Ushauri wa kuning'iniza si uongo, ni wa mahali pengine. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi na usiku una baridi. Shangazi yako wa kule akiyatundika maua kabatini wiki mbili tatu yatakauka. Sikiliza lakini: kabatini, gizani. Hata huko hawayaweki juani, maana jua hula rangi. Kwa hiyo anayeanika maua juani hapa kwetu anapoteza mara mbili, rangi inakwenda na maji yanabaki.

Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, nawaruhusu watu watundike vitu vyepesi. Bogenvilia inakubali, kwa sababu zile za rangi unazoziita petali ni majani membamba yasiyo na maji mengi. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, usijaribu chochote.

Mawaridi yanataka silika jeli, zile chembe za kwenye vifuko vya sanduku la viatu, ila nunua laini kama sukari. Zile za duara kubwa huacha mashimo kwenye petali. Chagua zinazobadilika rangi, za chungwa zikishiba maji huwa kijani. Za buluu zina kobalti, ambayo ni sumu, na mimi siziweki nyumbani. Kata kikonyo ubakishe sentimita mbili au tatu, laza chembe chini ya kopo, simamisha ua, kisha mimina polepole kwa kijiko, kwanza pembeni, halafu kati ya petali moja moja, mpaka lifunikwe. Jifunge kitambaa puani, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Kopo lifungwe kabisa, mfuniko uzungushiwe utepe. Siku tano hadi saba. Lifungue saa nane mchana na si alfajiri, maana alfajiri ndipo hewa yetu ina unyevu mwingi zaidi. Chembe zilizoshiba zirudishe kwenye oveni, nyuzi 120, saa mbili, zitatumika tena miaka.

Mchele haufanyi kazi hiyo, tuuache upikwe. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi tumeshaizungumza.

Wanaobana maua kitabuni wanasahau kwamba karatasi yenyewe hapa ina unyevu. Ipige pasi kwanza, na uibadilishe kila siku kwa wiki nzima.

Sasa lile ambalo wengi wetu hatulisemi kwa mteja: ua likishakauka, Mombasa haijaacha kulinyemelea. Ukiliweka wazi sebuleni litalegea kabla mwezi haujaisha. Lazima likae ndani ya kioo kilichozibwa, na kifuko cha chembe kimefichwa nyuma. Nimeziba fremu kwa gundi ya silikoni, na baadhi zimepitisha hewa vilevile baada ya masika mawili. Siahidi miaka kumi. Waridi jekundu nalo litakuwa la damu ya mzee, karibu jeusi, na jeupe litakuwa la maziwa. Nalisema kabla sijapokea pesa.

Kinachoniumiza zaidi ni asumini. Mama mmoja aliniletea kikuba cha bintiye, kile kishada kidogo cha maua ya kunukia, cha usiku wa kupamba bibi harusi, bado kimefungwa kwenye jani la mgomba, na asumini zimeshakuwa za kahawia. Asumini hubadilika ndani ya siku moja, na harufu haikai kwenye chembe. Nilimwambia hivyo hivyo. Tukakifungua pamoja, nikatenga mawaridi mawili madogo na vijitawi vya mrihani, nikavikausha. Alipokuja kuchukua alifungua kikopo akanusa. Mrihani ulikuwa bado unanukia kidogo. Akanusa tena, nikamwomba afunge.