Kabla hujafungua pampu angalia moshi: elimu kwa wenye magari ya dizeli Mbeya

Tangu zoezi la ukaguzi wa magari lianze huku kwetu malalamiko ni mengi na karibu yote yanafanana, gari ya dizeli imepungua nguvu, inatoa moshi, mwenye gari kashalipia pampu ya dizeli na nozo zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini na tatizo liko palepale, halafu anafika kwetu wakaguzi analalamika kwamba tunamwonea. Hatumwonei mtu. Ila kweli watu wanapoteza hela, na mara nyingi ni kwa sababu wameanzia mwisho.

Kwanza hii habari ya "dizeli lazima itoe moshi, hii si milima bwana" naomba tuiache. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Dar, kwa hiyo injini isiyo na turbo (ile feni inayosukumia injini hewa) iliyosetiwa pwani ikija huku mafuta yanazidi hewa na itatoa moshi kidogo ikipanda. Dawa yake ni fundi pampu apunguze mafuta, sio aongeze! Nyie mnaomwambia fundi akaze skrubu ya pampu ili Canter ipande na mzigo mnaongeza moshi na joto tu, na mwisho wake pistoni inaungua.

Moshi mweusi maana yake injini ina njaa ya hewa au imezidishiwa mafuta. Anza na filta ya hewa, itoe, imulike tochi kwa ndani, kama mwanga haupiti umepata jibu. Ikiwa safi fuata hosi za turbo. Kuna Canter ya viazi ilitoka Isyonje, mwenyewe kashika karatasi ya bei ya pampu, nikapitisha mkono chini ya hosi nikakuta pameloa oili karibu na klipu, nikaibinya, ikafunguka mdomo kidole kinaingia. Injini ikiwa inaunguruma tu huoni kitu, ufa unajifunga, ila ikibeba mzigo upepo wote wa turbo unatokea hapo. Hosi tu.

Gari haina nguvu na moshi hautoki? Hiyo ni njaa ya mafuta. Filta ya dizeli imeziba au kuna paipu inavuta hewa. Fungua koki ya chini ya filta, kinga kwenye chupa inayoonyesha, iache itulie, maji kama yapo yatakaa chini. Ukiona maji usikimbilie kusema sheli fulani imekuuzia uchafu, hata tanki lenyewe likikaa nusu na baridi yetu hii linatengeneza maji. Kama unaamini ni mafuta, tunza risiti ya EFD, mweleze kwanza msimamizi wa sheli, msipoelewana peleka malalamiko EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta, wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Risiti huna, ushahidi huna. Na jamani acheni kumwaga mafuta ya taa kwenye tanki ili moshi upungue, dizeli ndo inalainisha pampu, mafuta ya taa yanaikausha.

Moshi mweupe asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi, halafu injini inamisi (silinda nyingine haziwaki), angalia plagi za kupasha moto kabla ya yote. Moshi huo ukiendelea hata injini ikishapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, fikiria gasketi ya silinda hedi. Wa bluu ni oili inaungua, ringi au sili za turbo.

Mafundi wengi wanatafuta silinda iliyokufa kwa kulegeza nati za paipu za nozo moja moja, ukilegeza na mlio haubadiliki basi ni hiyo. Kwa pampu za zamani sawa. Kwenye komoni reli, ile mifumo mipya ya presha kubwa, USIJARIBU, presha yake inapita ba 1,000, mafuta yanatoboa ngozi na kuingia mwilini, na hapo ni hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano.

Mtu anauliza moshi unahusiana nini na usalama. Moshi na kukosa nguvu ni dalili za injini inayoweza kuzimika. Injini ikizimika ukiwa unashuka mteremko wa Iwambi au Kitonga, baada ya kukanyaga mara mbili tatu breki ya gari ndogo inakuwa ngumu kama jiwe na usukani nao mzito. Ndo maana hatupitishi gari inayozimikazimika.

Kuhusu utaratibu: unakuja na kadi ya gari, bima na leseni, gari ikiwa tupu. Ikikutwa na kasoro unaandikiwa, unaenda kutengeneza, unairudisha ikaguliwe upya. Ukikamatwa barabarani na gari mbovu unapigwa faini, inalipwa kwa kontroli namba na sio mkononi kwa mtu yeyote, na kuilipa hakukupi ruhusa ya kuendelea na ubovu. Gari ikiwa ya hatari namba zinaweza kung'olewa mpaka itengenezwe.

Na njoo nayo asubuhi ikiwa baridi, usiipashe njiani, tunataka tuone inavyowaka mara ya kwanza.