Je, wajua kwa nini pudini ya Yorkshire huumuka bila hamira?

Unga wa ngano, mayai, maziwa na chumvi kidogo. Ukivikoroga pamoja na kuvimimina kwenye kikaango, unapata chapati za maji, laini na nyembamba. Vitu hivyo hivyo vinne, vikimiminwa kwenye trei yenye mafuta ya moto ndani ya oveni, hutoka baada ya dakika 20 hivi vikiwa vimepanda juu, vimekauka nje, vina uwazi mkubwa katikati na rangi ya dhahabu. Hiyo ndiyo pudini ya Yorkshire, chakula cha kaskazini mwa Uingereza. Licha ya jina lake haina utamu wa sukari; huliwa Jumapili mchana pamoja na nyama ya ng'ombe iliyookwa na mchuzi wake mzito. Haina hamira, haina beking pauda wala magadi. Sasa nini kinaipandisha?

Watu wengi watakujibu kwa neno moja: mvuke. Ni kweli, ila jibu hilo linaacha swali kubwa zaidi, kwa sababu chapati za maji nazo zina maji tele, nazo hutoa mvuke, na bado zinabaki bapa.

Tufanye hesabu kidogo. Gramu moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke kwenye nyuzi 100 za Selsiasi hujaza nafasi ya karibu lita 1.7. Chukua rojo la mayai manne na mililita 200 za maziwa, linalotosha pudini 12 ndogo. Maziwa kwa sehemu kubwa ni maji, na robo tatu ya yai nayo ni maji, kwa hiyo kila pudini inaingia motoni ikiwa na gramu 25 hivi za maji. Yote yakigeuka mvuke yangejaza ndoo mbili za lita 20. Pudini yenyewe haifiki hata nusu lita! Mvuke, basi, upo wa kumwaga. Kinachokosekana kwenye pudini iliyolala chini ni ukuta wa kuuzuia usitoroke.

Ukilishika jambo hili moja, mambo mengine yote ya pudini hii yanaeleweka.

Kwenye kikaango, rojo la chapati ni utando tu. Joto linatoka chini peke yake, na uso wa juu uko wazi, ungali mbichi. Mvuke unapita moja kwa moja na kuacha vile vitundu unavyoviona kabla hujaigeuza chapati. Kwenye oveni, rojo ni la kina kirefu, limekaa ndani ya kikombe cha chuma, na joto linalizunguka pande zote. Linapogusa chuma na mafuta ya moto, tabaka la chini na la pembeni huiva papo hapo na kuwa ngozi. Katikati bado ni uji. Mvuke unaozaliwa chini unakuta njia imezibwa, unalisukuma lile rojo bichi kwenda juu, nalo linapopanda linagusa hewa ya moto na kuiva likiwa limenyooka. Kingo hupanda kwanza kwa kuwa ndizo zilizo karibu na chuma. Katikati huchelewa, na ndiyo maana pudini nzuri huwa na shimo kama bakuli, mahali ambapo Waingereza hujaza mchuzi.

Kwa hiyo ndani ya oveni kuna mashindano ya dakika chache kati ya mvuke na ukuta. Ukuta ukikakamaa mapema mno, mvuke hauna cha kunyoosha. Ukichelewa, mvuke unapenya na kupotea, na unachotoa ni kitu kizito kama mpira.

Ukuta huo unajengwa na nani? Kwanza mayai. Protini za yai ni nyuzi zilizojikunja. Joto linapofika kama nyuzi 62 za Selsiasi, protini za ute mweupe huanza kujikunjua na kushikana, na kufikia nyuzi 80 na kitu zimeshakamatana barabara. Kabla ya hapo zinanyooka bila kukatika. Pili ni gluteni, yaani protini ya unga wa ngano, inayolipa rojo mvutano. Tatu ni wanga, ambao hunyonya maji na kuvimba unapopata joto, kisha hukauka na kushikilia umbo. Ukipunguza mayai ili kubana matumizi, unapunguza matofali ya ukuta, na hakuna ufundi utakaoziba pengo hilo.

Kipimo ninachokiamini ni cha ujazo: kikombe kile kile kwa mayai, kwa maziwa na kwa unga. Mayai yaliyovunjwa yakifika mililita 200, weka maziwa mililita 200 na unga uliojaza nafasi hiyo hiyo, ambao ni kama gramu 110 hadi 120. Kupima hivi kunamfaa sana mtu wa kwetu, maana mayai ya kienyeji ni madogo kuliko ya kisasa, na resipe inayosema "mayai manne" inaweza kukupotosha. Kikombe hakipotoshi. Unga uwe wa kawaida usiotiwa kiumuishi. Ule uliochanganywa na beking pauda huzaa viputo vidogo vingi kila mahali, na matokeo yake ni kitu kinachofanana na keki, chenye nyama ya ndani, wakati tunautaka ule uwazi. Maziwa peke yake hufanya pudini laini yenye rangi nzuri. Ukibadilisha sehemu yake kwa maji, inakuwa kavu na ya kukatika mdomoni. Mimi napenda robo iwe maji.

Koroga hadi madonge yaishe, kisha liache rojo lipumzike angalau nusu saa, au usiku mzima kwenye friji. Wakati huo unga unakunywa maji hadi ndani na gluteni iliyokazwa na mwiko inalegea, kwa hiyo ukuta utaweza kunyooka bila kupasuka. Likitoka kwenye friji, liache kwanza lipoteze ubaridi. Rojo baridi linayapoza mafuta.

Na mafuta ndiyo kiini cha kazi yote. Pudini nyingi zinazolala zimeuliwa hapa, lawama ikaangukia mayai au unga. Oveni iwe imeshafika nyuzi 220 au 230. Trei ya chuma iingie tupu, ikiwa na kijiko cha chai cha mafuta katika kila kikombe, ikae dakika 10 hivi mpaka mafuta yaanze kutoa moshi mwembamba. Unapomimina, rojo lipige kelele, na kingo zake ziive mbele ya macho yako. Kimya chake kina maana moja: rudisha trei ndani kabla hujamimina vikombe vilivyobaki. Waingereza wa zamani walitumia mafuta ya ng'ombe yaliyodondoka kwenye nyama, nayo yanafaa kwa sababu yanavumilia moto mkali. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanafaa pia. Siagi haifai, inaungua mapema, na zeituni isiyosafishwa nayo huanza kuungua kabla ya joto tunalolitaka. Mafuta yana kazi nyingine isiyotajwa sana: yanaifanya ngozi iteleze kwenye chuma ili ipande badala ya kung'ang'ania. Trei za silikoni sizishauri kabisa, kwani hazibebi joto kama chuma.

Mimina haraka, jaza vikombe kufikia theluthi moja au nusu, funga mlango. Usiufungue. Katika dakika 15 za mwanzo ukuta ungali laini, na hewa baridi ikiingia, mvuke ndani unasinyaa na kurudi kuwa maji kabla ukuta haujaweza kusimama wenyewe. Kama oveni ina kioo na taa, tazama kwa kioo; ni jambo la kupendeza kulitazama. Ziache mpaka ziwe kahawia hasa, maana rangi ya manjano hafifu ni dalili kwamba kuta bado zina unyevu na zitaanguka mezani. Zikiiva, zitoboe kwa ncha ya kisu na uzirudishe dakika mbili tatu, ili mvuke uliobaki utoke badala ya kuzilainisha kwa ndani.

Anayeokea Nairobi ana jambo lake la kuzingatia. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mvuke unaanza kazi mapema, nao unatanuka zaidi kwa kuwa hewa ya nje inausukuma kwa nguvu ndogo. Mashindano yale yanaegemea upande wa mvuke. Dawa yake ni kuuimarisha ukuta, na yai moja la ziada husaidia. Wa Mombasa au Dar es Salaam wafuate kipimo cha kawaida.

La kushangaza ni kwamba pudini hii haikuzaliwa ndefu. Waingereza walipokuwa wakioka nyama kwenye kijiti kinachozungushwa mbele ya moto wa wazi, mafuta yalidondoka kwenye sinia chini yake. Mtu alifikiri vyema: kwa nini mafuta haya yapotee? Rojo likawekwa chini ya nyama liyapokee. Mwaka 1737 maelekezo ya namna hiyo yalishachapishwa kwa jina la pudini ya mafuta yanayodondoka, na mwaka 1747 Hannah Glasse aliiweka katika kitabu chake cha mapishi kwa jina la Yorkshire. Mbele ya moto wa wazi hakukuwa na joto la kuizunguka pande zote, hivyo ilikuwa bapa na nzito kuliko ya leo. Oveni iliyofungwa ndiyo iliyoipa urefu. Mwaka 2008 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilifika mahali pa kutangaza kwamba isiyofika inchi nne, yaani sentimita 10, haistahili kuitwa pudini ya Yorkshire. Nadhani walikuwa wakali mno kwa bibi zao wa karne ya 18.

Kazi yake ya awali ilikuwa ya uchumi wa nyumba. Nyama ilikuwa ghali, unga rahisi. Pudini iliandaliwa kwanza, peke yake na mchuzi, na watoto wakaambiwa kwamba atakayekula pudini nyingi ndiye atakayepewa nyama nyingi. Nyama ilipofika, matumbo yalikuwa yameshajaa.

Mvuke huo huo ndio unaotengeneza uwazi ndani ya vitumbua vya Kifaransa vinavyojazwa krimu, na ndani ya popova, ndugu wa Kimarekani wa pudini hii ambaye huokwa kwenye vikombe virefu zaidi. Zikibaki, usizipashe kwenye maikrowevu, zitakuwa ngozi. Zirudishe kwenye oveni ya moto dakika tano, zitakauka upya. Huko Yorkshire zilizobaki huliwa pia na jamu au asali ya miwa, na hapo hatimaye zinakuwa chakula kitamu.